Mume Wangu Ana V Tatu

Msomaji wangu, ukiolewa na mwanajeshi hapa Mjini, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: ana nyota ngapi? Nimeulizwa Darajani, nimeulizwa saluni Mkunazini, nimeulizwa na shoga zangu wa chuo tukila urojo Forodhani. Najibu: hana nyota, ana V tatu. Ni sajini. Hapo watu hunyamaza kidogo, halafu mmoja atasema, "Na wewe una digrii yako, jamani!" Kama vile nimeuziwa kanga yenye tundu.

Sajini hana kamisheni. Hakupita chuo cha maofisa. Amepanda kutoka koplo usu, koplo, mpaka alipo. Ofisa anapanga na kusaini. Sajini ndiye anayehesabu magodoro, anayejua buti za nani zimepasuka, gari lipi halina mafuta, na kesho nani anafundisha nini saa ngapi. Mimi nimesomea mawasiliano miaka mitatu. Yeye anamfundisha mtu asiyejua neno la Kiswahili kufungua silaha na kuifunga, kwa ishara za mikono tu. Sasa hapo nani kasomea mawasiliano?

Miaka michache nyuma alipelekwa nje, nchi sitoitaja, kufundisha askari wa huko. Programu ilikuwa ya wakubwa, lakini ripoti ya kila jioni ilikuwa yake: waliohudhuria, walioumwa, risasi zilizotoka na zilizorudi. Alisema wale vijana waliwapigia saluti maofisa wake vizuri sana, ila mtu akifiwa na mama alikuja kwake.

Kazi hii kwetu ina historia. Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya hapa Unguja, askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Septemba mwaka huohuo likaundwa JWTZ, na kuanzia 1965 hadi 1970 Wakanada wakawa wanasaidia kulifundisha. Wakati huohuo wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa wanafanya mazoezi Kongwa na Nachingwea, Samora Machel akiwemo. Na baada ya Idi Amin kung'olewa mwaka 1979, wanajeshi wetu walibaki Uganda hadi 1981, wakisaidia pia kufundisha jeshi jipya la huko. Majenerali wamo vitabuni. Masajini waliokaukiwa na koo juani kwa "mguu pande, mguu sawa" utawatafuta sana. (Hapa kwetu, John Okello alijiita Field Marshal moja kwa moja, V hakuanza nazo. Nyota nazo, kumbe mtu anaweza kujivisha!)

Tuje kwenye ugumu wenyewe. Desemba 7, 2017, walinda amani wa Tanzania walishambuliwa kambini Semuliki, mashariki mwa Kongo, wakauawa zaidi ya 10. Tangu hapo, simu ya namba nisiyoijua ikilia usiku, moyo unanipasuka. Mama mkwe ananiambia, "Mwanangu, muombee dua tu." Namuombea. Lakini barua imekuja tena, na safari hii nilimwambia mume wangu: kabla hujapanda ndege, tukae tuzungumze pesa, nyumba, watoto, na lolote likitokea. Wapo wanaume watakaokasirika, watasema unawatabiria mabaya. Wangu kachukua kalamu.

Kaandika karatasi mbili, wallahi utadhani anaandaa mafunzo ya kikosi kizima. Ada ya skuli, tarehe na kiasi. Fundi bomba, na onyo kwamba asilipwe kabla hajamaliza. Nani abaki na funguo za akiba. Nani apigiwe kwanza likitokea la kutokea, na nani asiambiwe mpaka asubuhi kwa sababu ya presha yake. Jumapili, watoto wapelekwe ufukweni, "hata mama akiwa na kazi za gazeti".

Chini kabisa, pale ambapo kwenye ripoti zake husaini mkubwa wake, kapiga mstari na kuandika jina langu.

Anaondoka Alhamisi. Karatasi iko juu ya friji, na bado sijasaini.