Mkia wa Kinu

Pale Tinde, barabara itokayo Nzega inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Shinyanga mjini na mwingine Kahama, upepo wa kiangazi haubishi hodi. Huinua vumbi la malisho na kulimwaga madukani. Nilipokuwa mtoto upepo huo ulikuwa na kazi: nje kidogo ya kijiji chetu, kinu cha chuma kilipandisha maji ya kisima na kuyamimina katika birika la kunyweshea ng'ombe.

Mtunza kinu alikuwa baba mdogo. Ndiye aliyenionyesha kwamba akili ya kinu imo mkiani. Upepo ukiwa wa kadiri, mkia hulielekeza gurudumu likabiliane nao. Ukizidi, gurudumu hujikunja kuelekea mkia na kuuachia upepo ubavu. Ukipungua, springi hulirudisha. Hapakuwa na waya wa umeme wala betri.

Mwaka mmoja wa ukame springi ililegea. Gurudumu likawa linaukimbia hata upepo mdogo, maji yakitoka kwa kudondoka. Baba mdogo akaufunga mkia kwa waya usikunjike. Mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye niliyempandishia waya huo. Maji yakatoka tele, watu wakamsifu. Hata hivyo alijua hatari yake: upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huwa mara nane. Alipokwenda mnadani aliniagiza, "Ukiona wingu jeusi, panda ukate waya."

Niliona wingu. Niliogopa ngazi.

Usiku ule mapanga yaling'oka. Kwenye mkutano wa kijiji baba mdogo alisema kwamba yeye ndiye aliyesahau. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikatazama chini. Tangu siku hiyo mama na wenzake wakawa wanakwenda lamboni alfajiri, ndoo kichwani.

Mwaka 2019 nilifika Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana. Huko imesimama mitambo ya upepo 365, ya jumla ya megawati 310, iliyoanza kupeleka umeme katika gridi ya taifa mwaka 2018. Fundi kijana alinieleza kwamba kila mtambo una kipima upepo na kompyuta. Upepo ukizidi, kompyuta huyageuza mapanga kwenye mashina yake, nguvu ya ziada ikapita bure. Ukizidi mno, mtambo husimama. Nilimwambia huo ni ule ule mkia wetu, akacheka kwa adabu. Siku hizi, alisema, watafiti wanazifundisha kompyuta kwa kumbukumbu za upepo uliokwisha kupita, na kuna miale ya leza inayoupima upepo kabla haujafika, ili mapanga yaanze kugeuka mapema.

"Na umeme wa kuiendesha kompyuta ukikatika?"

"Mapanga hujigeuza kwa nguvu iliyowekwa akiba humo humo, mzee."

Nikamwuliza nani hupanda juu tufani inapokuja.

"Hakuna. Upepo ukiwa mkali hatumruhusu mtu kupanda, hata fundi mkuu."

Nilimwomba alirudie jibu hilo. Alilirudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani upepo umenizuia kusikia.