Ngiri Si ya Wanaume Peke Yao

Ngiri ni ugonjwa wa wanaume. Ndivyo tulivyokua tukisikia hapa Tanga. Mwanamume akionekana anatembea kwa kuachanisha miguu, watu husema ana mshipa, au ana busha, kisha wanacheka chini chini na mambo yanaishia hapo. Mwanamke akiumwa chini ya kitovu, ana chango. Akivimba kinenani, ana mtoki. Kila ugonjwa una mwenyewe, na dawa yake inajulikana inauzwa na nani sokoni. Mimi nilitibiwa kila kitu isipokuwa ngiri, mpaka siku utumbo wangu uliponyongwa.

Mimi ni mama lishe, na kibanda changu kiko karibu na soko la Mgandini. Watoto wangu watano wote niliwazaa kwa njia ya kawaida. Wateja wanaikuta kazi yangu ikiwa tayari kwenye sahani: wali, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga. Ya alfajiri hawayaoni: ndoo za maji za lita 20, kuburuta gunia la mkaa, kuteremsha sufuria kubwa huku umeinama. Moshi nao umeniachia kikohozi kisichoisha. Na kwa kuwa mpishi hula mwisho, na maji ya kunywa anayakumbuka jioni, choo kigumu nilikuwa nimeshakizoea. Nayataja haya kwa makusudi, maana baadaye daktari aliniuliza moja baada ya jingine: uzazi, mizigo, kikohozi, choo. Yote nilikuwa nayo.

Uvimbe ulianza upande wa kulia, kwenye mkunjo wa paja, mdogo tu, kadiri ya ncha ya kidole gumba. Jioni, baada ya kusimama kutwa, ulitokeza. Nikilala chali ulipungua. Haukuuma. Nilimwonyesha somo yangu peke yake, akasema ni mtoki, akanikanda kwa maji ya moto na chumvi. Muuza dawa wa miti shamba alisema ni chango, akanipa mizizi ya kuchemsha. Zahanati moja nilipimwa mkojo nikaambiwa nina UTI. Aliyekuwa mezani ni kijana wa rika la mwanangu. Nilimwambia tumbo, naye akaandika tumbo. Hakuna aliyenifungua kanga, na mimi sikuifungua.

Usiku wa tukio lenyewe nilikuwa nachambua mchele wa kesho. Maumivu yalinijia kwa mkupuo, yakaachia, yakarudi. Nikatapika chakula, halafu maji ya kijani, halafu kitu cha rangi ya udongo chenye harufu ya choo. Tumbo likajaa. Nilipopeleka mkono kwenye ule uvimbe nikaukuta umekuwa mgumu, unauma ukiguswa, na haukutaka kurudi ndani hata nilipolala. Mume wangu, Baba Rehema, aliamsha jirani mwenye bajaji, tukaenda hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke. Aliuliza maswali mawili ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu: "Mama, choo umepata lini mara ya mwisho? Na hewa je, inatoka?" Vyote viwili havikuwa vimetoka tangu asubuhi. Akasema, "Tumbo la namna hii siwezi kulimaliza bila kuangalia kinena." Akavuta pazia, akamwita muuguzi asimame karibu, akafungua kanga. Aliutazama uvimbe, akaugusa mara moja tu, akamgeukia muuguzi: dripu, mpira wa puani, mpira wa mkojo, picha ya tumbo, na thieta waambiwe. Baba Rehema akaletewa fomu ya ridhaa. Alipouliza kama haiwezekani kusubiri kukuche ili ndugu wafike, alijibiwa kwamba utumbo uliokosa damu hausubiri ndugu.

Nililazwa usingizi, nusu kaputi. Yaliyofuata nilisimuliwa na daktari mwenyewe nilipokuwa na akili za kusikia. Kipande cha utumbo mwembamba kilikuwa kimeingia kwenye tundu kikakwama, na kingo za tundu zikakibana mpaka damu ikashindwa kupita. Walipokitoa kilikuwa cheusi. Wakakifunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu na kukipa muda, wakiangalia kama rangi itarudi, kama kitang'aa, kama kitajikunja chenyewe ukikigusa. Sehemu kubwa ilirudi kuwa nyekundu. Sehemu fupi haikurudi. Hiyo wakaikata, wakaunganisha miisho miwili iliyo hai, wakarudisha utumbo mahali pake na kushona lile tundu.

Wodini, kila asubuhi madaktari walipopita, walinisalimia kisha wakaniuliza: "Hewa imetoka?" Mwanzoni niliona haya mbele ya wagonjwa wenzangu. Baadaye nikaelewa kwamba hiyo ndiyo habari waliyokuwa wakiingoja: utumbo uliounganishwa ukianza kupitisha hewa, umeanza kazi. Siku ilipotoka, bibi wa kitanda cha pili alipiga kigelegele na wodi nzima ikacheka. Mpira wa puani ukatolewa. Nikapewa chai ya rangi, halafu uji mwepesi. Sijawahi kunywa uji mtamu kama ule.

Hapo ndipo nilipouliza: nimepataje ngiri, ugonjwa wa wanaume? Daktari aligeuza karatasi akachora. Ukuta wa tumbo, alisema, ni tabaka za misuli zinazozuia vya ndani visitoke. Ni kama gunia la mchele: likipata tundu, mchele hutokeza hapo, na ukilikanda au kulipaka dawa kwa nje, tundu liko palepale. Dawa ya tundu ni kushonwa.

Matundu yenyewe yana mahali pake. Mwanamume anapoumbwa tumboni mwa mamaye, korodani hushuka kutoka ndani kupitia njia iliyo kinenani, na njia hiyo hubaki sehemu dhaifu maishani mwake. Ndiyo maana kwa kila wanaume 100, takriban 27 hupata ngiri ya kinena katika maisha yao, na kwa wanawake 100 ni kama 3 tu. Wanawake pia hupata hiyohiyo. Ila sisi tuna nyingine inayotuandama zaidi kuliko wanaume, ngiri ya paja. Mshipa mkubwa wa damu unaokwenda mguuni hupita chini ya ukano ulio kwenye mkunjo wa paja, na pembeni yake pana kinjia chembamba. Nyonga ya mwanamke ni pana, mimba na miaka vinalegeza, na kikohozi, mizigo na kukamua chooni vinasukuma. Kinjia kikifunguka, utumbo huingia. Na kwa kuwa kingo zake ni ngumu, zisizotanuka, ukiingia ni rahisi kunaswa. Alinitolea mfano wa Sweden, ambako upasuaji wa ngiri huandikwa katika daftari la taifa: wenye ngiri ya kinena wanaofika kwa dharura ni kama 5 kati ya 100, lakini wenye ngiri ya paja ni zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo mwanamume mwenye ngiri ya kinena isiyomsumbua anaweza, akikubaliana na daktari wake, kuiangalia kwanza. Ngiri ya paja hairuhusiwi kukaa. Ikigunduliwa, hupangiwa siku.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa na shida yake. Niliambiwa kwa wiki 6 hivi nisinyanyue kitu kizito, na ndoo ndiyo mshahara wangu. Wenzangu wa kikoba walitoa fedha za kulipia hospitali kabla zamu yangu haijafika. Binti yangu Rehema aliacha cherehani akasimama kibandani, akapika maharage yaliyoungua siku ya kwanza na yaliyokubalika siku ya pili. Wateja wa bandarini walikula hivyo hivyo, wengine wakiacha chenji makusudi. Kidonda kilipona vizuri. Kovu la tumboni ni refu, maana upasuaji wa dharura haukuniachia nafasi ya kuchagua.

Wageni waliokuja kunipa pole ndio walionifungua macho. Mmoja baada ya mwingine, wenzake wakinyanyuka kwenda, yeye hubaki nyuma kunieleza lake. Shangazi mmoja alikuwa na mtoto mchanga mwenye kitovu kilichotokeza, amemfunga sarafu kwa kitambaa. Tulipomuuliza daktari siku ya kliniki yangu, alisema aifungue, inamchubua mtoto bure: vitovu vingi vya namna hiyo hujifunga vyenyewe kabla ya miaka 4 au 5, isipokuwa kikiwa kigumu, kikiuma na hakirudi, hapo ni hospitali mara moja. Lakini mtoto mwenye uvimbe kinenani asisubirishwe, kwa sababu huo haujifungi.

Aliyenishangaza ni mdogo wangu Shabani, mbeba magunia. Alingoja hadi Baba Rehema alipokwenda msikitini. "Dada, na mimi ninao." Alikuwa nao kwa miaka, uvimbe umeshuka mpaka kwenye pumbu, akiamini ni busha, maana pwani yetu busha si jambo geni. Alikuwa ameshakunywa chupa za kila aina na kuchanjwa chale. Tulimpeleka. Alinisimulia kwamba daktari alimwambia asimame akohoe, akaweka vidole, akahisi kitu kinasukuma kutoka juu. Kisha akazima taa ya chumba na kuweka tochi kwenye uvimbe. Busha ni maji, na mwanga hupenya. Kwake haukupenya.

Shabani alipangiwa siku, akaenda kwa miguu yake. Alichomwa sindano ya mgongo, akawa macho muda wote, akiwasikia madaktari wakibishana kuhusu timu ya Coastal Union huku wao wakishona. Kesho yake alirudi nyumbani. Kwake waliweka wavu, kipande chepesi cha nyuzi za plastiki kinachotandazwa juu ya mahali dhaifu. Nyama ya mwili huota katikati ya vitundu vyake, na ngiri inakuwa vigumu kurudi. Mimi sikuwekewa, kwa sababu utumbo ulipokatwa, eneo lilikuwa na hatari ya vijidudu, na kitu kigeni kingeweza kushika vijidudu humo. Dharura ilinikosesha hata hilo.

Kabla ya siku hiyo bei ya wavu wa kiwandani ilikuwa imemtisha Shabani, na hapo ndipo aliposikia habari ya Uganda. Mashariki ya nchi hiyo, wanaume 302 walifanyiwa upasuaji, nusu kwa wavu wa kiwandani uliogharimu zaidi ya dola 100, nusu kwa kitambaa cha aina ya chandarua kisicho na dawa ya mbu, kilichotakaswa kwa mvuke wa hospitali, gharama yake ikiwa chini ya dola 1. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: mwaka mmoja baada ya upasuaji hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Hii haina maana mtu akate chandarua cha kitandani akipeleke hospitali. Maana yake ni kwamba matibabu mazuri ya ngiri si anasa, na hospitali zetu zinayaweza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilishazaa, lakini maneno yao yananihusu bado. Mwanamke mwenzangu, ukiona uvimbe kwenye mkunjo wa paja, kinenani, kitovuni au juu ya kovu la upasuaji wa uzazi, unaotokeza ukisimama au ukikohoa, usiseme tumbo. Sema, "Nina uvimbe hapa, naomba uuangalie." Ukiona haya mbele ya daktari wa kiume, omba muuguzi wa kike awepo. Hilo ni ombi la kawaida na wao wamelizoea. Hakuna mzizi, mafuta wala mkanda unaoziba tundu. Na uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi, nawe ukaanza kutapika, choo na hewa vikafunga, usile, usinywe dawa, usikubali kukandwa, na mtu yeyote asiusukume kwa nguvu. Amsha watu muda huo huo.

Leo nimerudi kibandani, alhamdulillahi. Maji huletwa na kijana wa mkokoteni na ninamlipa. Sufuria kubwa tunateremsha wawili. Na kikombe changu cha maji kiko mezani tangu asubuhi. Wanawake wawili wa soko letu nimeshawasindikiza hospitali mwenyewe. Mmoja kweli ulikuwa mtoki, akapewa dawa akapona. Wa pili ilikuwa ngiri ya paja, ndogo, haijanasa kitu. Alishonwa mchana, kwa tarehe aliyopangiwa, na utumbo wake wote anao.