Staring Hafi

Nyuma ya daftari langu la uhasibu, kitu pekee nilichotoka nacho chuo, kuna orodha ya movi 43. Niliinakili kutoka kwenye intaneti usiku nilioamua kuandika skripti. Citizen Kane iko. The Godfather iko, zote tatu. Kila anayefundisha uandishi wa filamu anakuambia kabla hujaandika, tazama kwanza. Hakuna anayekuambia utazame ngapi, wala nani atalipia bando.

Skripti yenyewe ilikuwa fupi, kurasa 15, ya shindano fulani la Nairobi. Ilihusu mama anayechuma majani kwenye shamba kubwa la chai huku kwetu, halafu mashine inakuja. Nilikuwa na wiki tatu. Kazi ninayoishi nayo ni kuwaandikia watu nisiowajua makala juu ya mambo nisiyoyajua, nalipwa kwa idadi ya maneno. Nikapiga hesabu: pesa iliyokuwepo ingetosha movi tano.

Kukata 43 hadi 5 si mchezo. Mwanzo nilitaka kubakisha zile maarufu, ili mtu akiniuliza nisionekane mshamba. Halafu nikafungua ukurasa mpya, nikaandika mahali skripti yangu inaponikwama. Kazi ya mikono inaonyeshwaje bila mtazamaji kusinzia? Mgomo unaandikwaje usifanane na taarifa ya habari ya saa moja? Watu wa kwetu wanaongeaje wakiwa ndani ya movi? Na kabla yangu, nani ameshawahi kupiga picha shamba kama hili? Movi ambayo haikujibu swali hata moja niliipiga mstari. The Godfather ilienda, pole zake.

Jioni ya kwanza Mama alivuta stuli akaketi karibu nami. Laptopu ilikuwa mezani, mvua ya mawe inapiga mabati. Nyumbani kwetu ni Konoin, Bomet, na hali kama hiyo stima ina tabia ya kupotea bila kuaga. "Wanasema nini?" akauliza. Nikaanza kumtafsiria.

Kama ulikulia mashambani Kenya hii, kazi hiyo unaijua. Chuo changu cha kwanza cha filamu kilikuwa kibanda cha video sokoni: benchi la mbao, shilingi kumi mkononi, na sauti ya DJ Afro juu ya kila movi ya ngumi, akituelezea kwa Kiswahili mambo ambayo mengine hata hayakuwa kwenye movi. Kibandani tulikuwa na sheria moja tu, staring hafi. Sasa DJ Afro alikuwa mimi, kwa Kikipsigis, na mteja wangu alikuwa mama mmoja mwenye miaka zaidi ya ishirini ya kuchuma chai.

Tulianza na Out of Africa ya 1985. Hiyo ilikuwa ya swali la nani alitangulia. Ni kahawa ya Ngong, si chai, lakini ni habari ya mzungu na shamba kubwa Kenya, na ilibeba Oscar saba. Nilimweleza mapenzi, nikamweleza ndege. Tukafika mahali Karen anapiga magoti mbele ya gavana kuwaombea Wakikuyu ardhi. Nikatafsiri, kusema ukweli nikiwa nimeguswa kidogo. Mama akauliza, "Kwani wao wenyewe hawakuwa na magoti?"

Kabla ya hapo ghala la kahawa lilikuwa limeungua. Akataka kujua kama vibarua walilipwa mwezi huo. Nilirudisha nyuma, nikatafuta. Sikupata cha kumwambia.

Hapo ndipo nilijifunza kitu ambacho orodha za intaneti hazina. Ukitazama peke yako, muziki na milima vinakubeba, na mashimo huyaoni. Ukilazimika kumsimulia mtu aliyeishi jambo lenyewe, kila shimo linakukwaa mdomoni.

Nairobi Half Life ya 2012 nilitazama kwa ajili ya maneno. Mwanzoni Mwas yuko kijijini kwao akiuza DVD huku akiigiza vipande vya movi ili watu wanunue, na nikacheka kama mtu anayejiona kwenye kioo. Supa Modo ya 2018, kijiji kizima kinaungana kumpigia movi mtoto mgonjwa. Mama hakutaka niongee. Kuna mahali nilinyamaza na akaelewa kila kitu, nikaandika daftarini: punguza maneno.

Paradesi ni ya Kitamil, 2013, nayo ni chai yenyewe: wanakijiji wa India Kusini wakati wa mkoloni, wanapelekwa milimani, na deni linahakikisha hawarudi. Mama alikagua mikono ya waigizaji kama supavaiza. Lakini kufikia mwisho alikuwa amegeuza uso. "Wanalia sana," akasema. "Sisi tulikuwa tunacheka pia huko ndani. Ungechekaje siku nzima ukiwa na huzuni?" Skripti yangu wakati huo ilikuwa na vilio vinne katika kurasa 15.

Ya mwisho ilikuwa Salt of the Earth, 1954, ya wachimba madini wa New Mexico wenye asili ya Meksiko. Wengi waliocheza ni wachimbaji wenyewe na familia zao. Mahakama inawakataza wachimbaji kusimama kwenye mgomo, basi wake zao wanachukua nafasi, kwa sababu amri imewataja wachimbaji tu. Wanaume wanabaki nyumbani na nguo chafu. Mama aliona mwanamume anaanika nguo kwenye kamba, akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso.

Halafu akaanza kuongea, macho bado kwenye skrini.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na moto. Mei 2023 kulikuwa na maandamano Kericho na mashine za kuchuma chai zikachomwa, na mimi niliona hapo pana movi: moshi, polisi, watu wanakimbia. Mama hakuwa kwenye maandamano yoyote. Siku yake ya mwisho shambani, alisema, walisimama pembeni wakiangalia mashine inapita. Inakata chipukizi, jani zee na kijiti, yote pamoja. Mengine yalianguka chini kati ya mistari. Akainama akayaokota, mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, hadi aproni ikajaa. Ni mazoea tu. Alipoinuka akakumbuka kwamba hakuna wa kumpimia. Akayamwaga chini ya mti wa chai, akaenda kurudisha kikapu.

Pesa waliyompa kumaliza kazi naijua ilienda wapi. Ililipa karo ya muhula wangu wa mwisho, ule nilioacha katikati. Hatujawahi kulizungumza. Usiku ule nilisimamisha movi nikasema, "Mama, ile karo." Akaniambia washa, anataka kuona kama wale kina mama watashinda.

Wanashinda. Niliwasha.

Asubuhi nilifuta ukurasa wa kwanza. Sasa unaanza na mikono inayookota majani yaliyoachwa na mashine, bila neno hata moja. Vilio vimebaki kimoja, na hicho sina uhakika nacho. Movi 38 zilizobaki ziko hapo nyuma ya daftari, siku moja nitazifikia. Lakini ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia andika kwanza maswali yako, chagua chache, halafu tafuta mtu ambaye hadithi ni yake na umtafsirie kwa sauti.

Kabla ya kutuma nilimsomea Mama skripti yote. Nilikuwa nataka ruhusa, ingawa sikuitaja hivyo. Alisikiliza huku akichambua mboga. Nilipomaliza akaniambia kikapu hakivaliwi vile nilivyoandika. Nikarekebisha palepale.

"Huyo mama," akauliza, "mwishoni anakufa?"

Nikamwambia hapana, ndiye staring.

"Sawa basi. Tuma."