Rangi Mpya Mpaka Magotini

Kwenye simu za watu wa Sinza, Dar es Salaam, hana jina moja. Wapo waliomwandika "Dalali Sinza", wapo wa "Dalali Mzee", wengine "Dalali wa Baiskeli" ingawa baiskeli yenyewe iliibwa zamani. Na yupo mpangaji mmoja aliyemsevu "Usipokee". Hilo aliliona kwa macho yake, siku waliposimama pamoja getini akampigia kijana yule kuhakikisha namba, simu ikawaka mkononi mwa mwenyewe. Mzee alicheka. Kijana ndiye aliyetafuta pa kutazama.

Kazi aliianza 1997. Kiwanda cha umma alichokitumikia kilikuwa kikipunguza watu, naye akarudi nyumbani na barua na kiinua mgongo. Sehemu ya pesa ilinunua baiskeli ya Phoenix, sehemu ikalipa ada, iliyobaki ikaisha yenyewe, maana pesa za namna hiyo zina tabia hiyo. Udalali hakuuchagua. Alikuwa kijiweni chini ya mwembe akicheza drafti, mtu akapita akiulizia chumba, yeye akawa anajua mahali. Akampeleka. Jioni akashikishwa noti ndogo ya asante. Wiki iliyofuata walikuja wawili, na drafti ikaanza kukosa mchezaji.

Mama mkwe wake hakufurahi. Kwa mtu wa umri wake, dalali, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni yule anayenadi mali za watu mnadani, na hadi leo dalali wa mahakama ndiye anayetoa makochi ya mdaiwa nje. Bibi aliamini mkwewe amejiunga na kundi hilo. Ilichukua muda kumweleza kwamba huyu hatoi vitu vya watu nje, anaviingiza ndani.

Wakati ulikuwa upande wake. Kabla ya hapo, mtu wa mjini aliyetaka nyumba alitegemea mwajiri, ndugu, au foleni ya ofisini. Ofisi ya Msajili wa Majumba ilizaliwa 1971, serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwaka 1990 majengo hayo yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwenye foleni ile dalali hakuwa na pa kusimama. Lakini Sinza ilikuwa habari nyingine. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja hapo, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka miundombinu, kisha ikawaachia watu wajijengee. Wakajenga. Kwanza nyumba ya mbele kwa ajili ya familia, halafu mabanda ya uani, halafu chumba kimoja pembeni ya banda, halafu kingine pembeni ya hicho. Dalali alipoingia kazini, kila ua ulikuwa na mlango wa kupangisha na hakuna aliyekuwa na orodha.

Orodha ilikuwa yeye. Aliiweka kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, ambalo bado analo, kurasa zimekunjamana kwa unyevu. Ukilifungua utakuta mwandiko wa kalamu ya risasi: "Chumba na sebule. Kumekucha, nyuma ya mashine ya kusaga. Choo nje. Mama hataki mlevi." Chini yake: "Chumba kimoja. Kwa Remmy, nyumba ya tatu. Umeme wa kuchangia. Mpangaji wa mbele ana friji, ataleta ugomvi." Kwa Remmy ni kituo kilichochukua jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kongo, akaishi hapo na kufariki 2010. Anwani za Sinza zilikuwa hivyo: Makaburini, Mori, Palestina, Afrika Sana. Mgeni aliyeshuka daladala bila mtu wa kumwongoza aliweza kuzunguka mpaka magharibi.

Kuna ukurasa ambao baadhi ya mistari imewekewa herufi M ubavuni. Ni M ya maji. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 1997 zilimkuta akiwa na miezi michache kazini, na watu aliowapeleka karibu na Mto Ng'ombe walimfuata kijiweni wakiwa wamebeba magodoro yanayochuruzika. Mmoja alitaka arudishiwe pesa ya dalali. Mwingine alitaka kumpiga. Maji yalipopungua alipanda Phoenix yake akapita nyumba kwa nyumba, akatazama mstari wa tope ulipoishia ukutani, na kila alipouona akaandika M. Hakumwambia mtu. Ilikuwa mali yake ya biashara.

Miaka ile kwenda kuona chumba kulikuwa bure. Mteja alipanda nyuma ya baiskeli, wakazunguka vyumba vitatu vinne, na siku ya kulipa kodi dalali alichukua chake. Utaratibu wa mwezi mmoja, yaani mpangaji kumlipa dalali kiasi sawa na kodi ya mwezi, ulikomaa taratibu, na ulikomazwa na uchungu. Aliwahi kuwapeleka mume na mke chumba cha Sinza Mori. Wakakitazama, wakakuna vichwa, wakasema watarudi. Jumapili akipita njia ileile akaona pazia jipya dirishani na viatu vya yule bwana mlangoni. Mwenye nyumba, alipoulizwa, alisema bila kupepesa jicho kwamba hao ni wapwa zake. Kuzungukwa, ndivyo madalali wanavyoita. Ukizungukwa mara tatu kwa mwezi mmoja unaanza kudai hela ya kupelekwa kabla hujafungua mdomo, na ndiko ilikotoka ile elfu kumi au ishirini ambayo leo inawakera wateja wote wa Dar es Salaam.

Yeye naye si malaika, na hajifanyi kuwa. Cha juu alikula. Mwenye nyumba akitaja bei yake, yeye humtajia mteja nyingine yenye nyama kidogo, na tofauti inabaki njiani. Akiulizwa leo anasema hata muuza nyanya hauzi kwa bei ya shambani. Jibu zuri, ila muuza nyanya haongezi mwezi mmoja juu yake.

Simu ndiyo iliyomtoa kwenye baiskeli. Mobitel ilikuwapo nchini tangu 1994, lakini ilikuwa simu ya wenye mashati ya mikono mirefu. Alipopata Nokia ya mtumba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alimlipa fundi wa mabango akamwandikia vibao kumi, "Dalali: nyumba, viwanja, mashamba", na namba chini yake, akavipigilia misumari kwenye miembe na nguzo za umeme. Wateja hawakupiga, walibipu. Asubuhi moja ilikuwa na bipu kumi na tano na vocha moja, na ujuzi mpya ukawa kubashiri ni bipu ipi yenye kodi ya miezi sita nyuma yake. M-Pesa ilipoingia mwaka 2008 ikaongeza jingine: mtu wa Mbeya aliyehamishiwa Dar aliweza kushikilia chumba ambacho hajakanyaga.

Kodi zenyewe zilikwishapanda. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi ya nyumba ilifutwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata Mlimani City ikafunguliwa ng'ambo ya Mwenge. Wenye nyumba wa Sinza walikwenda kuona duka kubwa lenye kiyoyozi, wakarudi wamebadilika. Mama mmoja aliyekuwa akipokea miezi mitatu mitatu alianza kudai mwaka mzima, na choo kilikuwa bado nje. Wengine walivunja banda la uani wakajenga vyumba vyenye choo ndani, marumaru na dari ya jipsamu. Kaunta buku lilianza kujaa maneno mageni: self, masta, paking, fensi.

Kwenye kuuza alijaribu, akaungua. Alileta mnunuzi wa nyumba, pesa iko tayari, muuzaji yuko tayari, na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya familia, mke naye aliletwa ofisini kwa mwanasheria kuweka saini. Mwanamke mpole, mwenye mtandio wa kijani. Wino ulikuwa haujakauka mwanamke wa pili alipoingia, huyu bila upole wowote, akauliza wifi yake anafanya nini kwenye kiti chake. Miezi minne ya kuhangaika ikaishia pale. Tangu siku hiyo, kabla ya kumtazama muuzaji, dalali hunywa chai kwa jirani. Na akipita penye ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu "NYUMBA HII HAIUZWI", hutoa heshima zake na kuendelea na safari. Maandishi yale watu hudhani yanaandikiwa matapeli wa nje. Mara nyingi msomaji anayekusudiwa analala chumba cha pili.

Halafu ukaja mwaka 2016 na safari ya serikali kwenda Dodoma. Watumishi walihama kwa mafungu, na Aprili 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata hosteli mpya za wanafunzi 3,840, ambao wengi wao wangekuwa wateja wa vyumba vya Sinza na Mwenge. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, wenye nyumba ndio waliombipu. Yule mama wa mwaka mzima alipiga mwenyewe, kwa vocha yake, akasema hata miezi mitatu si mbaya. Dalali anakiri kuwa aliacha simu iite kidogo.

Lakini kilichompokonya kazi mkononi ni kamera. Siri ya dalali ilikuwa kujua mlango ulipo, na picha moja ya WhatsApp ilitosha kuimwaga. Chumba kilekile kikawa kinaelea Instagram kwa bei nne, kimepigwa picha kutoka pembeni mwa mlango ili kionekane ukumbi, na kila anayekitangaza amekitoa kwa mwenzake. Mpangaji akilipa ule mwezi mmoja, madalali wanne wanasimama kibarazani kuugawana, na yule mwenye ufunguo huenda akaondoka na nauli ya bodaboda. Wapo pia wanaotangaza vyumba visivyokuwepo, wakapokea hela ya kupelekwa na kuzima simu. Mwaka 2022, operesheni ya anwani za makazi ilipobandika vibao vya namba milangoni, hata Kwa Remmy ikapata mitaa yenye majina na namba, na mteja sasa anatumiwa lokesheni. Mzee naye, binti yake wa mwisho alimfundisha kupiga picha na kuweka kwenye status. Zinatoka na kidole pembeni.

Kwa hiyo sasa anaitwa kwa mambo mengine. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na ilipoanza, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, wapangaji waliomsahau miaka mitano walimkumbuka usiku mmoja. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, umeme ananunua mpangaji, sasa nani kamla nani? Alizunguka siku nzima akipatanisha watu kwa ajili ya buku moja, bila malipo, na aliporudi kijiweni miguu ilikuwa imevimba kama enzi za baiskeli.

Msimu mmoja wa masika alipigiwa na binti ambaye ndiyo kwanza ameanza kazi. Ameona chumba Instagram, masta, jipsamu, feni, bei ya kushangaza, na shangazi yake amemwambia asiende peke yake. Akatuma picha. Mzee hakutazama feni wala dari, alizitazama nondo za dirisha, zilizochomelewa umbo la nusu jua. Jua lile alilijua.

Walimkuta dalali aliyekitangaza, kijana mwenye kofia, akiwa na ufunguo na bodaboda inayomsubiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fungua tuone."

Chumba kilikuwa kizuri kweli. Kilinukia rangi. Binti alikuwa tayari anapima kwa macho mahali pa kitanda. Mzee alichuchumaa, magoti yakalia, akaweka kiganja ukutani. Rangi ilikuwa ya maziwa juu na ya maziwa chini, lakini ya chini ilikuwa changa kidogo, na mpaka wa hizo mbili ulipita sawasawa kwenye magoti ya mtu mzima, kuta zote nne. Akaukwangua kwa ukucha wa dole gumba. Ganda likatoka, na nyuma yake ukuta ulikuwa wa kahawia na laini kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

"Mzee, unaniharibia," kijana alisema kwa sauti ya chini.

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Tisini na tisa."

"Basi hukuwepo."

Nje, binti aliuliza anadaiwa kiasi gani. Mzee alisema chumba hajapata, atamdai nini? Binti akamtumia elfu kumi hivyo hivyo, simu ikalia mfukoni. Mzee akamgeukia kijana, akatoa noti ya elfu tano, akampa kwa ajili ya bodaboda. Kijana aliikunja, akafunga mlango, akauliza kama mzee anacho kingine cha bei hiyo hiyo chenye ukuta mkavu. Kilikuwepo kimoja, Makaburini, ila mwenye nyumba hataki mtu wa kugongagonga geti usiku, na funguo ziko kwa dada yake Ubungo.

"Wa kike huyu, analala mapema," kijana alisema, akimtazama binti kuona kama atakanusha.