Kuzimua

Kiswahili kinalo neno moja lenye kazi mbili. Kuzimua ni kutia maji katika kitu kikali ili ukali wake upungue. Na walevi, kwa mzaha wao, husema wanazimua pale wanywapo asubuhi ili kuiondoa pombe ya jana. Mimi nalichukua kwa maana ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: mfasiri ni mzimuaji. Msomaji wa visiwani aliyekifungia kileo mlango namwomba radhi mapema, naye asome kwa pua tu, maana mengi ya humu ni ya pua.

Rafiki mmoja niliyefanya naye kazi wilayani Ngara mwaka 1994 aliniletea chupa ya bourbon, wiski ya Kimarekani, ambayo ilitiwa chupani kama ilivyotoka pipani. Nguvu yake ni asilimia 62. Sheria ya kwao inataka mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka yake, na pipa liwe jipya, la mwaloni uliochomwa ndani mpaka ukawa mkaa. Aghalabu watengenezaji huizimua kabla ya kuiuza, ila wasiishushe chini ya asilimia 40. Hii haikuguswa na maji. Mahindi, jamani! Mkulima wa Nyakahura au Lusahunga, kule Biharamulo, angeuliza kwanza ni debe ngapi za ugali zimezama humo.

Niliichukua hadi Rulenge, kwa bibi mmoja ambaye ujana wake wote aligema riziki katika pombe ya ndizi. Ile ambayo Warundi, jirani zetu, huiita urwarwa, na watu wa Bukoba rubisi. Sijaona mwonjaji mkali kumshinda. Ndizi zake huiviwa siku kadhaa, kisha humenywa, hukandwa kwa majani makavu mpaka maji yake yaachane na nyama, huchujwa, na hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Hufunikwa kwa majani ya migomba na kuachwa mahali penye joto. Mwenye haraka au tamaa huongeza maji wakati wa kukamua, pombe ikawa nyingi na dhaifu. Bibi humtambua mtu huyo kabla hajaonja, kwa kutazama tu povu. Siku hizi anaonja kwa nadra. Mnyauko wa migomba ulioingia Kagera mwaka 2006 umezipiga sana ndizi za pombe, na shamba lake sasa limebaki na mashina machache upande wa bondeni.

Hakuinywa bourbon yangu. Alimimina kidogo kiganjani, akasugua mikono, akangoja, kisha akainusa.

“Mwanangu,” akasema, “hii imelala kwenye moshi.”

Nilicheka, kwa kuwa sheria yetu ya mwaka 1966 iliyokataza watu kujitengenezea gongo huiita pombe hiyo kwa jina hilohilo: moshi. Lakini gongo haina pipa wala haina subira. Hutoka kwenye bomba ikiwa mbichi na huuzwa jioni ileile. Bibi alikuwa amenusa miaka.

Mimi nilionja. Kwanza bila maji: moto mtupu, ulimi ukafa ganzi, na sukari iliyoungua ikabaki kooni. Mtu asinidanganye kwamba huo ndio ukweli wa kinywaji. Huo ni ukali wake tu. Kisha nikadondosha maji, tone, na jingine, na la tatu. Hapo kilipanda kitu kilichonirudisha Pemba wakati wa mavuno: karafuu. Wala si ndoto ya mshairi, kwani mwaloni uliochomwa hutoa mafuta yaleyale yanayoipa karafuu harufu yake. Nyuma yake ikaja vanila. Nilipoongeza maji hadi nusu ya bilauri, vyote viwili vikatoweka, nikabaki na maji matamu. Kwa hukumu yangu ni kinywaji kizuri, kitamu kupita kiasi mwishoni, na kinahitaji matone matatu; manne ni mengi.

Ninalo daftari la tangu mwaka ule wa 1994. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa takriban siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Nilikuwa kijana wa kukalimani. Ofisi iliyoniajiri ilitaka sentensi fupi: idadi ya watoto, ugonjwa, wilaya utokako. Yaliyobaki niliyaandika usiku kwa ajili yangu, na miongoni mwake ni maombolezo ya wanawake, ambayo sasa nayatia katika Kiswahili.

Rafiki yangu wa pwani, mtunzi hodari, anataka niyatie vina na mizani ili yasomeke. Nimejaribu. Mama mmoja anataja majina tisa, na kila jina analirudia mara mbili. Mizani ya nane kwa nane ilinidai majina manne. Hapo sikutia hata tone.

Pagumu ni kwingine. Katika ombolezo jingine mwimbaji anasema watu wake walikwenda na “intambara”, yaani vita. Miongoni mwa waliovuka daraja lile walikuwamo wauaji pamoja na jamaa zao, na ng'ambo ya pili yaliyokuwa yakitendeka hayakuwa vita tu. Yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nikibadili neno lake, nimemtia kinywani asichokisema. Nikiliacha peke yake, msomaji wa Unguja aliyezaliwa baada ya mwaka ule atadhani ni vita kama vita vyote. Kwa hiyo nimeandika “vita”, kama alivyoimba, na chini ya ukurasa nimeweka mstari mmoja wenye mwaka, mwezi, jina la daraja, na jambo lililokuwa likitendeka nyuma yake. Rafiki yangu anasema mstari ule unaharibu shairi. Tumeagana tukiwa bado twabishana, na mswada umekwenda kwa mpiga chapa na mstari wake.