Kizuri Nacho Hujitembeza

Walimu wenzangu, kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu hapa Rusizi methali isemayo "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza", na kila mara niliieleza kwa uhakika wa mtu ambaye hajapata kuuza hata fungu la nyanya. Aliyenitoa katika uhakika huo ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye huuza vitenge mjini Kamembe. Vitenge vyake ni vizuri, nami nalithibitisha hilo kwa kuwa sehemu ya mshahara wangu huishia kwake kila mwezi.

Kwa asiyeijua wilaya yetu, Kamembe u juu ya mlima, penye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Chini yake Mto Rusizi hutoka ziwani ukaelekea Tanganyika, na ng'ambo ya daraja ndiyo Bukavu, mji wa Kongo. Zamani akina mama wa Bukavu walivuka asubuhi, wakachagua vitenge, wakarudi makwao kabla jua halijawa kali. Shemeji hakuwa na haja ya kutangaza biashara, maana daraja lilimtangazia. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mpaka ulifungwa. Mizigo ikaendelea kupita lakini wanunuzi wakabaki kwao. Vitenge vikakaa rafuni, vizuri vilevile kama jana, wala havikujiuza.

Alichobaki nacho ni simu yenye namba za wateja wake wa zamani, wapata sitini. Kila siku aliweka picha mahali pale pa WhatsApp ambapo picha hukaa saa 24 kisha hutoweka. Wale sitini wakaziona, wakanunua waliojaliwa, kisha wakatosheka. Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa mtandao huo. WhatsApp ni kama mlango wa nyumba: hufika hapo yule tu aliye na namba yako. Mgeni hapiti njiani akakuona. Mtu aweza kukaa mlangoni mwaka mzima na hesabu ya wateja isiongezeke hata mmoja.

Mwaka 2021 mpwa wetu, kijana wa shule, akamfungulia ukurasa katika TikTok. Mtandao huu mwendo wake ni mwingine. Ukiweka video fupi, wenyewe huwaonyesha watu wasiokujua kabisa, na wakiitazama hadi mwisho huwaonyesha wengine zaidi. Huo si mlango, huo ni mnada. Lakini mnadani watu hupita mbio, hucheka, huendelea na safari yao. Basi shauri la kijana lilikuwa hili: kule mnadani tuwaite, na huku mlangoni tuuze. Nami kwa kuwa ni mwalimu wa lugha, niliombwa kuandika maneno ya kuitia.

Niliandika, na naona haya kuyarudia: "Tunawatangazia wateja wetu watukufu kwamba vitenge vya namna mbalimbali vinapatikana dukani petu kwa bei nafuu. Tafadhali wasilianeni nasi kwa njia ya WhatsApp kwa namba ifuatayo." Kila kirai kilikaa mahali pake. Shemeji aliyasoma kwa sauti mbele ya simu, akiwa amesimama wima kama mtoto anayekariri. Kwa wiki mbili hakuja mtu hata mmoja. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, usikasirike, lakini tangazo hili lafanana na la msiba."

Siku ya pili akafanya apendavyo mwenyewe. Alikunjua kitenge nusu tu, nusu ya pili ikabaki imekunjwa mapajani, akasema kama anavyosema na mama aliyekaa naye kwenye mkeka: "Mama, ona hii. Bitenge bipya bimefika jana. Nusu ingine iko kule WhatsApp, kuja uone." Jioni ile simu haikutulia.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi kuliko alivyolitafakari yeye. Kwanza, ile nusu. Mimi niliwaambia watu wahame kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine bila kuwapa sababu ya kuhama. Huku waliambiwa kuna vitenge, na kule wangeambiwa yaleyale. Yeye aliwaachia kiu. Aliyeona nusu ya ua la kitenge ataka kuliona ua zima, na bei nayo ilitajwa kule tu.

Pili, na hili ndilo lililonigusa mimi mwalimu, ni ile "bi". Darasani ningeipiga mstari mwekundu: vitenge, si bitenge, vipya, si bipya. Lakini ng'ambo ya daraja ndivyo wasemavyo, "bitenge", "bintu", na upande wetu Kinyarwanda chasema "ibitenge". Kiambishi kile kimoja kilikuwa mwaliko tosha kwa watu wa kingo zote mbili. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na tangu hapo sisi walimu tumejitahidi kukisimamisha kiwe sanifu, nami siachi kazi hiyo. Walakini sanifu yangu, siku ile, ilimfanya mteja adhani anaandikiwa na ofisi.

Ipo na kazi isiyoonekana. WhatsApp ina orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, kila mtu akaupata peke yake. Lakini haumfikii ila yule aliyeihifadhi namba yako katika simu yake. Kwa hiyo kila mgeni aliyetoka TikTok shemeji alimwomba kwanza aiandike namba, naye akaiandika ya mgeni pamoja na jina, mtaa na rangi aipendayo. Mimi niliona ni kupoteza wakati. Kule TikTok wafuasi walikuwa wamepita elfu tisa, na huku yeye ahangaika na daftari la watu mia mbili na kitu!

Mwaka 2023 nilijua sababu. Mtu alimpigia simu akijifanya mtumishi wa mtandao, akamwomba tarakimu sita zilizoingia katika simu yake, naye akazitaja. Kabla ya adhuhuri ukurasa wa TikTok haukuwa wake tena. Mwizi aliacha video zilezile na sauti ileile ya shemeji, akabadilisha namba tu, akawa anapokea malipo ya vitenge asivyokuwa navyo. Elfu tisa wale hatukuwa na njia ya kuwaonya. Lakini wa daftari walipata ujumbe saa ileile, kwa sauti yake mwenyewe: msitume fedha kule, aliye kule si mimi. Mama mmoja wa Bukavu alikuwa amekwisha kutuma bei ya vipande vitatu vya yadi sita. Shemeji alimpelekea vitatu hivyo bila kumdai kitu. Nilimwuliza kwa nini alipe deni la mwizi. Akanijibu, "Shemeji, aliyemwita pale ni nani kama si mimi?"

Ukurasa ule haukurudi. Akafungua mwingine, na watu wa daftari ndio waliokuwa wa kwanza kuufuata, wakauonyesha kwa jamaa zao. Safari hii watu walitoka mlangoni kwenda mnadani. Wafuasi hawajafika elfu tisa. Yeye hashughuliki kuwahesabu.

Juma lililopita aliniletea maneno ya video mpya, akataka niyasahihishe. Yalikuwa na "bitenge" mara nne. Nilishika kalamu nyekundu muda mrefu. Mwisho nikasahihisha bei, maana alikuwa amesahau sifuri moja, nikamrudishia karatasi yake.