Uso juu ya makuta

Ukitoka Butembo kwenda Beni, kilomita kama 54, utalipa kwa franka za karatasi ao dolari. Sarafu hautaiona. Lakini uliza mzee wa sokoni habari ya makuta.

Tangu 1967 sarafu ya makuta 5 ilibeba uso wa Mobutu. Waroma walifanya vile zamani. Kaisari Valentinian wa Kwanza (364-375) alitoa vipande vidogo vya shaba: yeye mwenyewe anasimama na bendera, anavuta mfungwa. Hata asiyejua kusoma alielewa mukubwa ameshinda. Bei ya mkate, sarafu haikuisema!

Kwetu vilevile. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilikuwa zaire mpya moja tu, uso ni ule ule. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franka moja, na uso ukaondoka. Tazama noti ya franka 500: wachimbaji wa almasi, wameinama majini. Mimi napenda kuangalia hao kuliko Kaisari.

Na neno halikufa. Sokoni Butembo mama angali anauliza: “Makuta iko wapi?”